Kuseti miguu ya gari la spoti kwa mbio za uwanjani: maswali tunayoulizwa kila wiki gereji, Mwanza

Maswali haya ni ya wateja wetu wa Nyakato. Wengine huuliza wakiwa wamechuchumaa kando ya bampa, wengine hutuma sauti ya WhatsApp saa sita usiku wakiwa wametoka kutazama video za Kyalami, uwanja wa mbio wa Afrika Kusini. Nimeyakusanya ili nisiwe narudia kila siku. Majibu ni ya fundi mmoja, na mafundi hatukubaliani kwa kila jambo. Mifano mingi ni ya Altezza na Subaru kwa sababu ndizo zinazokuja kwetu zaidi, lakini kanuni ni zile zile hata kama una Mark X au Toyota 86.

Kuseti miguu maana yake nini? Si kufunga shokapu mpya tu?

Shokapu mpya ni matengenezo. Kuseti ni kupanga springi, shokapu, stabilaiza (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana), pembe za magurudumu, kimo cha gari na upepo wa tairi vifanye kazi pamoja kwa uwanja fulani, kwa tairi fulani na kwa dereva fulani. Gari moja linaweza kuwa na shokapu za bei mbaya likashindwa na la jirani lenye shokapu za kiwandani, kwa sababu la jirani limepimwa na hili limefungwa tu.

Mteja anapoanza kuniorodheshea vifaa, huwa namrudisha kwenye jambo moja: kinachoshika lami ni vipande vinne vya raba, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kiganja. Mambo mengine yote tunayafanya ili vipande hivyo visinyanyuke na visikae upande.

Nina Altezza ya mwaka 2001. Nianze na kifaa gani?

Usianze kununua. Anza kwa kulipandisha gari juu ya stendi na kutafuta kilichochoka. Gari la 2001 limeshatembea Japani, likaja na meli, likapanda barabara zetu za mawe za vilimani, likaruka matuta na rasta zote kutoka Dar mpaka hapa. Ukifunga koilova (springi na shokapu za pamoja zinazorekebishika) kwenye gari lenye bushi zilizopasuka, yaani vile vipande vya mpira vya kwenye maungio, umevaa suti juu ya kandambili.

Tunakagua hivi. Tairi likiwa hewani, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, ni bearingi au bolijointi, kile kiungo cha duara kinachounganisha gurudumu na amu. Lishike kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama tairodi endi na reki ya stelingi. Kwa Altezza kuna la ziada: bolijointi za chini za mbele zina sifa mbaya ya kuchoka, na ikichomoka ukiwa kwenye mwendo, gurudumu linalala chini ya fenda. Springi ya mbele inakandamiza amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), kwa hiyo jeki iweke chini ya amu yenyewe ili mzigo upungue, ndipo uingize mtaimbo uone kama kuna mchezo. Ukiliacha gari lining'inie, springi inaibana bolijointi na utadanganywa kuwa ni nzima.

Mwaka jana kijana mmoja alileta Altezza nyeupe, imeng'aa, rimu mpya. Akaniambia, "Kaka, weka kemba nyuzi tatu, Jumamosi nina uwanja." Kemba ni kiasi gurudumu linavyolala ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Nikamwambia, tulia kwanza. Nilipoingiza mtaimbo, kulia kukasikika "tok". Nikamwita aweke kidole kwenye shingo ya bolijointi huku natikisa. Aliutoa mkono kama ameshika sufuria ya moto. Kemba hatukuigusa siku hiyo.

Baada ya bolijointi angalia bushi za amu, linki za stabilaiza, maunti za juu za shokapu, na shokapu kama zinavuja oili. Yote yakiwa mazima na tairi ni nzuri, nenda uwanjani na gari hivyo hivyo lilivyotoka kiwandani. Ndiyo, hivyo hivyo. Utajua gari linalalamika wapi, na pesa yako itajua pa kwenda.

Bushi mpya zilipasuka baada ya miezi mitatu. Ni feki?

Huenda, lakini kabla hujamlaumu muuza spea, muulize fundi alikaza boliti gari likiwa wapi. Hili kosa nimelifanya mwenyewe nikiwa mwanagenzi, kwenye gari la mzee mmoja mpole ambaye mpaka leo namwonea aibu.

Bushi nyingi za mpira hazizunguki juu ya boliti, zinajipinda. Ukikaza boliti wakati gurudumu linaning'inia, umeiambia bushi kwamba kuning'inia ndiyo hali yake ya kawaida. Ukilishusha gari, inabaki imejipinda masaa yote, hata gari likiwa limelala nyumbani. Inachanika. Funga boliti kwa mkono, shusha gari kwenye magurudumu yake au inua amu kwa jeki mpaka kimo cha kawaida, kisha kaza kabisa. Na kila ukibadili kimo cha gari, legeza boliti hizo ukaze upya.

Bushi za poliyuretani ni ngumu zaidi na pembe za magurudumu hazihami sana kwenye kona, lakini zinataka grisi, zinapiga kelele, na sauti zote za barabara utazisikia kwenye kiti. Kwa gari linalobeba watoto shule Jumatatu, mimi hubakia na mpira.

Nimeweka spesa ili gari lisiguse chini. Nizitoe nikienda uwanjani?

Zitoe. Najua kwa nini uliweka vipande hivyo vya kuinulia gari, hata la kwangu la nyumbani linavyo. Lakini spesa zipo za aina mbili na zote zinasumbua kwenye mwendo wa kona.

Ile inayokaa juu ya shokapu haiongezi ugumu wa springi. Inachofanya ni kulisogeza gurudumu chini, hivyo amu na viungo vyake vinakaa karibu zaidi na mwisho wa safari yao ya kushuka. Gurudumu la ndani ya kona linaweza kufika mwisho mapema na kunyanyuka. Ile ya mpira inayobanwa katikati ya koili ni mbaya zaidi: inazizuia koili mbili zisifanye kazi, springi inakuwa ngumu bila mpango, na mzigo wote unahamia koili zilizobaki. Nimeona springi zilizovunjika hapo hapo palipobanwa.

Tena zote zinapandisha kitovu cha uzito, na hicho ndicho tunachotaka kukishusha.

Basi nikate springi kwa grenda lishuke?

Hapana. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu kidogo na fupi sana, haikai vizuri kwenye kikombe chake, na ukiruka tuta inaweza kuhama. Shokapu inabaki inafanyia kazi mwisho wa safari yake, juu ya kile kimpira cha kuzuia kugonga. Gari linapogonga kimpira hicho katikati ya kona, ugumu unapanda ghafla na mshiko unakatika.

Kuna jambo lingine watu hawalijui. Kwenye gari lenye strati mbele (shokapu na springi kwenye nguzo moja inayoshika gurudumu kwa juu), kama Impreza au 86, ukilishusha mno amu za chini zinageuka kutazama juu kuelekea magurudumu. Hapo kituo ambacho mwili wa gari unazungukia unapolala kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Matokeo yake gari lililoshushwa linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa, na kemba ya kuongezeka kwenye kona inapotea. Sentimita 2 hadi 3 kutoka kimo cha kiwandani zinatosha wengi. Ngumi mbili kutoka chini ni kwa ajili ya picha za Capri Point.

Lakini si gari gumu ndilo linalokimbia?

Swali hili linastahili muda.

Chukua Altezza yenye kilo 1,410 pamoja na dereva. Tuseme kitovu cha uzito kiko nusu mita kutoka chini, na upana kati ya magurudumu ni mita 1.5. Kwenye kona ya 0.9 g, yaani nguvu ya kulisukuma gari pembeni ikiwa 0.9 ya uzito wake, uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje ni 1,410 mara 0.9 mara 0.5, gawanya kwa 1.5. Unapata kilo 423. Tazama vizuri hesabu hiyo: springi haimo. Stabilaiza haimo. Ufunge springi za trela au za godoro, kilo 423 zinahama vile vile. Ugumu unaamua tu zigawanyike vipi kati ya mbele na nyuma, na zifike haraka kiasi gani.

Ugumu una faida zake. Mwili haulali sana, kwa hiyo pembe za tairi hazipotei, na gari linajibu stelingi upesi. Lakini lami ikiwa na mabonde, springi ngumu mno inalirusha tairi, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Kwetu hapa hakuna saketi ya lami. Watu wanacheza na koni kwenye yadi zilizofungwa kwa ruhusa ya mwenyewe, na yadi hizo zina viraka, mchanga na maungio ya zege. Nimeona gari lenye springi laini likilishinda gumu kwa sekunde mbili kwenye mzunguko wa sekunde hamsini, mahali pa namna hiyo.

Nifunge springi namba ngapi? Rafiki yangu wa Subaru ana 6K.

Namba ya rafiki yako haikuhusu. 6K maana yake inahitaji kilo 6 kubonyea milimita 1. Kwenye Subaru yake springi iko kwenye strati, karibu kabisa na gurudumu, hivyo gurudumu linahisi karibu 6K yote. Altezza ina wishboni (amu mbili kwa kila gurudumu, ya juu na ya chini) mbele na nyuma, na springi iko ndani zaidi. Gurudumu likipanda milimita 10, springi hubonyea labda 6 au 7. Na uwiano huo unahesabiwa mara mbili: 0.65 mara 0.65 ni 0.42. Springi ya 10K hapo inahisiwa na gurudumu kama 4.2K. Pima uwiano wa gari lako mwenyewe kwa jeki na rula, ni kazi ya nusu saa.

Kisha tunaangalia mwili unacheza mara ngapi kwa sekunde. Kona moja ya gari, yaani sehemu ya gurudumu moja, yenye kilo 300 juu ya springi, ukiipa 3K kwenye gurudumu, inacheza kama mara 1.6 kwa sekunde. Ukiipa 6K inacheza mara 2.2. Magari ya nyumbani yako kati ya 1 na 1.5. Gari la barabarani linaloenda uwanjani mara moja moja, mimi napenda lisizidi 2. Juu ya hapo, barabara ya mawe kupanda kwako itakuwa adhabu kwa mgongo.

Koilova zangu zina kliki 30. Niweke ngapi?

Kliki ni hatua za kitufe cha kukaza au kulegeza shokapu. Weka katikati, kwanza. Zungusha kitufe mpaka mwisho wa ugumu, kisha rudi nyuma ukihesabu. Hesabu daima kutoka upande mgumu, kwa sababu upande laini mara nyingi mwisho wake haueleweki. Andika kwenye daftari, siyo kwenye kichwa.

Shokapu ina kazi mbili: kuzuia springi isibonyee haraka, na kuizuia isirudi haraka. Koilova nyingi za kitufe kimoja zinabadilisha vyote viwili kwa pamoja. Ukilegeza mno, gari linaendelea kucheza baada ya tuta, kama mtumbwi uliopitwa na boti. Ukikaza mno, hasa upande wa kurudi, gurudumu linapanda kwenye bonde la kwanza, halijashuka linakutana na la pili, na gari zima linazama polepole mpaka linakaa juu ya vimpira. Dereva anadhani ni laini, anaongeza kliki, tatizo linazidi.

Badilisha kliki tatu au nne kwa mara moja, ekseli moja tu ya gari, ya mbele au ya nyuma. Kliki moja hutaihisi, na ukibadili mbele na nyuma pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Kemba, kasta na tou, nipe namba tu.

Kemba hasi ni juu ya gurudumu kulala ndani. Kasta ni mhimili wa stelingi kulala nyuma ukilitazama gari kwa ubavu. Tou ni magurudumu kuelekea ndani au nje ukiyatazama kutoka juu. Namba za kuanzia ninazotumia kwa gari la strati lenye tairi za barabarani: kemba ya mbele nyuzi 2.5 hasi, nyuma 1.5 hadi 2 hasi. Kwa wishboni, punguza kama nusu nyuzi mbele. Kasta, chukua yote inayopatikana kushoto na kulia kwa usawa, stelingi itakuwa nzito kidogo lakini itarudi yenyewe. Tou ya mbele sifuri, au milimita 1 kwa nje kwa jumla kama unataka pua iingie upesi. Tou ya nyuma milimita 2 kwa ndani kwa jumla. Tou ya nyuma isielekee nje kamwe kwa dereva anayeanza, mkia utamgeuka bila salamu.

Impreza ina bahati: boliti ya juu inayoshika strati na nako ya mbele (chuma kinachobeba habu) ni ya kitovu kilichohama, ukiizungusha kemba inabadilika. Magari mengine yatataka maunti za juu za kusogea au amu za kurekebisha.

Mashine za alaimenti, za kupimia pembe hizi, zipo mjini, ila mwambie fundi wa mashine namba unazotaka kabla hajaanza, la sivyo atakurudishia kwenye rangi ya kijani ya kiwandani na kukupongeza.

Uwanjani hakuna mashine. Napimaje tou?

Kwa mshipi wa uvuvi. Siyo utani. Nunua nailoni nyembamba, stendi nne, na rula ya chuma.

Stelingi iwe imenyooka, na dereva au mifuko ya mchanga yenye uzito wake iwe kwenye kiti. Vuta mshipi kila upande wa gari, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, kutoka mbele ya bampa la mbele mpaka nyuma ya bampa la nyuma. Usilinganishe mshipi na bodi, bodi za magari yaliyogongwa na kunyooshwa zinasema uongo. Pima kutoka katikati ya habu: mbele kushoto na mbele kulia ziwe sawa, nyuma kushoto na nyuma kulia ziwe sawa. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana, kwa kuwa upana wa ekseli hauko sawa, hilo si kosa. Mishipi ikishakuwa sambamba, pima kutoka mshipi mpaka ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo tou ya gurudumu hilo. Kwenye rimu ya inchi 17, milimita 1 ni kama nyuzi 0.13.

Sukuma gari mbele na nyuma mita mbili kila baada ya kurekebisha, magurudumu yakae. Na mwombe mtu asimame alinde mshipi, kuna mtoto wa fundi rangi wa jirani aliyeturudisha mwanzo mara tatu kwa mguu mmoja.

Upepo niweke ngapi?

Wengi wanataka namba ya baridi, lakini inayofanya kazi ni ya moto. Kwa gari la kilo 1,300 hivi na tairi za barabarani, anza na PSI 28 hadi 30 asubuhi, piga mizunguko minne au mitano, rudi upime papo hapo. Tafuta 34 hadi 36 tairi likiwa la moto, punguza lililozidi, rudi tena. Piga chaki kwenye bega la tairi: chaki ikifutika mpaka ubavuni, tairi linajikunja, ongeza. Ikibaki mpaka ndani ya kashata (raba yenye mifereji inayogusa lami), punguza.

Hapa kuna jambo la Mwanza. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar. Ukijaza 30 Dar ukafika hapa tairi likiwa na joto lile lile, geji itasoma karibu 32 bila mtu kuongeza kitu. Jua nalo lina mkono wake: kila nyuzi 10 za joto ni kama PSI moja na nusu. Tairi lililopimwa saa moja asubuhi kwenye kivuli na lililopimwa saa nane juani si tairi moja.

Na tumia geji yako mwenyewe. Geji tatu za mtaa mmoja zimewahi kunipa 29, 32 na 35 kwa tairi moja.

Tairi za mtumba za Japani zinafaa?

Kashata inaweza kuwa nene na raba ikawa imekufa. Tafuta ubavuni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye zaidi ya miaka sita siendi nalo uwanjani, hata likiwa na vinyweleo. Mwenye Subaru inayosukumwa na magurudumu manne yote ahakikishe tairi zote nne ni saizi moja na zimelika sawa, vinginevyo difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo italipa.

Pua inagoma kuingia kwenye kona. Nifanye nini?

Kwanza niambie inagoma wapi. Wateja wengi wanasema "kwenye kona" kana kwamba kona ni nukta.

Ikigoma mwanzoni, unapogeuza tu, mara nyingi ni dereva: umeachia breki yote kabla ya kugeuza, uzito umerudi nyuma, tairi za mbele hazina mzigo. Achia breki polepole huku unageuza. Kama bado, legeza kliki za mbele za kubonyea, au ongeza tou ya nje kidogo.

Ikigoma katikati, gari limetulia na mguu wako hauko kwenye pedali yoyote, hapo ndipo springi, stabilaiza na kemba vinahusika. Ongeza kemba ya mbele kama bega la nje la tairi linalika. Legeza mbele au kaza nyuma. Ikigoma unapotoka ukikanyaga mafuta, uzito umerudi nyuma: kaza kidogo shokapu za nyuma, au ngoja nusu sekunde kabla ya kukanyaga. Nusu sekunde ni bure.

Mkia ukitoka, geuza ushauri: laini nyuma, gumu mbele. Ila mkia unaotoka ghafla unapoachia mafuta, kagua kwanza bushi za nyuma na upepo kabla hujagusa chochote. Mara mbili nimekuta ni tairi la nyuma lenye pancha ya polepole.

Stabilaiza nene inasaidia?

Inasaidia kugawa zile kilo 423. Nene mbele, mbele kunabeba mgawo mkubwa na pua inagoma zaidi. Nene nyuma, mkia unakuwa mwepesi. Pia inaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kwa hiyo shimo la upande mmoja linahisiwa pande zote mbili. Ni njia ya bei nafuu ya kurekebisha mizani ya gari bila kubadili springi.

Kupima uzito wa kila kona ni lazima?

Kwa koilova za kurekebisha kimo, ndiyo, walau mara moja. Mizani maalumu hatuna. Tuliazima mizani nne za jukwaa za kilo 500 kwa wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Jumapili mchana kazi ikiwa imepoa. Kabla ya yote tulipima gunia moja la dagaa juu ya kila mzani na kuandika tofauti, kisha tukasawazisha sakafu kwa vipande vya mbao na bomba la maji. Gari lilinuka dagaa wiki nzima.

Dereva akiwa ndani, tangi nusu, stabilaiza imefunguliwa linki, tulipata mbele kushoto 350, mbele kulia 410, nyuma kushoto 340, nyuma kulia 310. Jumla 1,410. Sasa jumlisha kimshazari: mbele kulia na nyuma kushoto ni 750, yaani asilimia 53. Gari hilo lilikuwa likikata kona za upande mmoja vizuri na upande mwingine linagoma, na mwenye gari alikuwa amelaumu stelingi mwezi mzima.

Tukashusha kikombe cha springi mbele kulia na nyuma kushoto, tukapandisha vile viwili vingine kidogo kidogo. Tulimaliza na 372, 388, 318 na 332. Mshazari 706 kwa 704. Ona kwamba jumla ya mbele bado ni 760 na ya kulia bado ni 720. Hizo huwezi kuzibadili kwa springi, mpaka uhamishe betri au dereva apunguze ugali.

Mvua ikinyesha?

Laini kila kitu. Legeza kliki mbele na nyuma, fungua linki za stabilaiza ya nyuma kama uwanja umelowa kabisa, punguza kemba kama una muda. Tairi zenye mifereji iliyokwisha zibaki kwenye trela. Miezi ya masika huwa nawashauri wateja waende hata kama hawataki: kwenye maji makosa ya gari na ya dereva yanaonekana kwenye mwendo wa kilomita 40, bila kuvunja kitu.

Naweza kujaribu seti mpya usiku barabara ya uwanja wa ndege?

Hapana. Kuna boda, kuna mbuzi, kuna mama anavuka na beseni. Na hutapata jibu, kwa sababu kipimo ni kona ile ile, mwendo ule ule, stopuwochi ile ile, mara kumi.

Baada ya siku ya uwanja, naondoka hivyo hivyo nyumbani?

Piga mizunguko miwili ya polepole kwanza ili breki zipoe. Ukiegesha, weka gia na kabari, usivute hendibreki pedi zikiwa za moto. Ngoja rimu zipoe, kisha kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia mkazo. Rudisha kliki za barabarani kama zilivyo kwenye daftari. Upepo ulioupunguza tairi zikiwa za moto utakuwa chini mno kesho asubuhi, kwa hiyo ongeza kabla hujatoka nyumbani, siyo baada ya kufika Buzuruga. Na ukisikia "tok" njiani kurudi, paki pembeni unipigie, hata kama ni saa sita usiku.